Risala ya kikundi cha watu wenye majeraha ya uti wa mgongo kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Majeraha ya Uti wa Mgongo Duniani, 5 Septemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa serikali na wa dini, wazazi na wanakikundi wenzetu,

Tunakushukuru kwa kuitikia wito wetu. Wengi wetu tuliumia kwa ajali za bodaboda, na wengine kwa kuanguka miembeni na minazini, tukiwa katika umri wa kuchapa kazi. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya Tanzania ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Leo tunaomba kusema juu ya moyo wa mtu anayetakiwa kuingia katika asilimia hiyo.

Mwenzetu mmoja, fundi cherehani, alipata kazi ya kushona sare za shule baada ya kukaa ndani miaka minne. Alifungiwa mota ya umeme inayowashwa kwa kiwiko, na mishono yake ilinyooka. Hata hivyo, siku za kazi hakunywa chai wala maji tangu alfajiri, kwa sababu mlango wa choo haukupitisha kitimwendo chake, naye aliogopa mkojo usije ukamtoka mbele ya watu. Ikifika saa saba mchana midomo imemkauka. Mwezi wa pili akaacha, na nyumbani wakamwambia, kwa upendo kabisa, "Pumzika, tutakulisha." Neno hilo, Mheshimiwa, tumelisikia karibu sote, na limetulaza kitandani wengi wetu.

Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa asilimia 20 hadi 30 ya watu wenye majeraha haya huonyesha dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Mwenye sonona haombi kazi, na asiyeomba huitwa mvivu. Mwanasaikolojia Albert Bandura alieleza mwaka 1977 kuwa mtu hujiamini anapofanikiwa jambo kwa mikono yake, na anapomwona aliye kama yeye akiliweza. Fundi wetu alirudishwa kazini na mwanakikundi mwenye jeraha kama lake, aliyemfundisha kupanga saa za kutumia mpira wa mkojo, kisha akakaa naye mpaka gauni la kwanza likaisha.

Kwa hiyo tunaomba mgonjwa akutane na mshauri nasaha kabla hajaruhusiwa kutoka wodini, wanakikundi walio kazini waruhusiwe kuwatembelea majeruhi wapya, na mkaguzi wa kazi, anapohesabu walioajiriwa, aupime pia mlango wa choo.

Tunaomba kuwasilisha.