Barua ya wazi kwa mjomba: nishani zisizoonekana kwenye DD 214 yako

Shikamoo mjomba,

Umeuliza jinsi ya kupeleka malalamiko yako Bodi ya Kurekebisha Kumbukumbu za Kijeshi, kwa kuwa hati yako ya kutoka Jeshi la Marekani, yaani DD 214, haionyeshi nishani zote ulizostahili. Naomba Bodi uiache kwanza. Nishani nyingi zinazokosekana hurekebishwa na ofisi ya kumbukumbu tu, bila kesi, mwombaji akileta karatasi zinazotakiwa. Anayekimbilia Bodi kabla ya kupita huko hurudishwa akamalize ngazi za chini, na miezi imeshampita. Nakujibu hadharani kwa sababu wapo ndugu zetu wengi waliovaa sare hiyo na wanakwama hapo hapo.

Anza na DD 214 yenyewe, ile nakala iliyoandikwa Member 4. Nishani, beji na tepe zimo kwenye kisanduku cha 13. Nafasi ikijaa, orodha huendelea kwenye kisanduku cha 18, kile cha maelezo, kwa hiyo kisome mpaka mwisho kabla ya kusema kitu hakipo. Angalia pia kama uliwahi kutumiwa DD 215. Hiyo ndiyo karatasi ya marekebisho: kwa kawaida hawachapi DD 214 mpya, wanatoa DD 215 inayoambatana na ile ya zamani, na mbili hizo husomwa pamoja.

Kisha omba faili lako lote la utumishi. Fomu ni SF 180, au unaomba kwa mtandao kupitia eVetRecs ya Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, ambao kituo chao cha kumbukumbu za watumishi kiko St. Louis, Missouri. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaomba DD 214 pekee, wanaletewa DD 214 pekee, ile ile waliyonayo kabatini. Andika wazi kwamba unataka faili kamili. Weka sahihi na tarehe, maana ombi lisilo na sahihi halishughulikiwi. Mzee aliyetoka jeshi la nchi kavu kabla ya 1960 ana shida nyingine, kwa sababu moto wa Julai 12, 1973 uliteketeza sehemu kubwa ya mafaili ya miaka hiyo, na lake huenda likabidi lijengwe upya kwa fomu ya NA 13055 na vipande vilivyosalia kwingine. Wewe wa vita vya Iraq haikuhusu.

Faili likifika, kila nishani unayodai iweke kwenye moja ya mafungu matatu. Kazi yote inategemea hapa.

Fungu la kwanza ni nishani uliyopewa, ikasahaulika kuandikwa. Ushahidi wake ni amri, yaani ile karatasi yenye namba ya amri, tarehe, jina lako na jina la nishani. Cheti kizuri chenye fremu kinasaidia, lakini karani hutafuta namba ya amri. Kama cheti unacho na amri huna, chungulia kwenye faili, kwenye muhtasari wako wa utumishi na kwenye ripoti za tathmini za mwaka ule. Namba mara nyingi imejificha huko.

Fungu la pili ni nishani ambayo haihitaji mtu kukupendekeza: ukitimiza masharti, ni yako. Nishani ya Kampeni ya Iraq iko hapa. Masharti yake ni siku 30 mfululizo au 60 za vipande ndani ya eneo, na aliyepigana na adui au kujeruhiwa hahesabiwi siku. Kinachosahaulika zaidi ni nyota zake za shaba, zile ndogo zinazobandikwa kwenye tepe ya nishani. Kampeni ya Iraq iligawanywa vipindi saba, na ukiwepo ndani ya kipindi hata siku moja, unapata nyota yake. Kipindi kimoja kiliisha Januari 9, 2007 na kingine kikaanza kesho yake mpaka Desemba 31, 2008. Kwa hiyo askari aliyeingia Oktoba 2006 akatoka mwishoni mwa 2007 ana nyota mbili, ingawa alikwenda mara moja tu. Karani aliyeandika nishani bila nyota hakudanganya, aliacha nusu. Ushahidi hapa ni tarehe: amri za kupelekwa vitani, hati za mshahara zinazoonyesha posho ya hatari na msamaha wa kodi ya eneo la vita, na ripoti za tathmini zinazotaja mahali.

Tuzo za kikosi zinafanana na hizo. Kikosi hupewa sifa kwa kipindi fulani, na amri yake hutoka pengine miaka kadhaa baadaye, wewe umeshavua sare. Tafuta amri ya jumla inayotaja kikosi chako kwa jina kamili hadi kombania, kisha onyesha ulikuwa humo katika tarehe hizo. Kutaja divisheni peke yake hakutoshi.

Nishani ya mwenendo mwema ina utata wake. Ni ya miaka mitatu mfululizo ya utumishi usio na doa kwa askari wasio maofisa, lakini haiji yenyewe, kamanda lazima aidhinishe. Hata hivyo, kamanda anayeinyima anatakiwa aiandike sababu. Faili likiwa safi na hakuna karatasi ya kunyimwa, hoja yako ni nzito, na Bodi ya jeshi la nchi kavu imewapa wengi wa namna hiyo.

Halafu kuna Purple Heart, nishani ya aliyejeruhiwa na adui, ambayo umeitaja kwa sauti ya chini, nami nataka uishughulikie kwa nguvu. Mambo matatu yathibitishwe: jeraha lilitokana na adui, lilihitaji kutibiwa na mhudumu wa afya wa kijeshi, na matibabu hayo yaliandikwa kwenye kumbukumbu rasmi. La tatu ndilo linaloangusha watu. Mlipuko ukakutikisa kichwa, ukapewa dawa ya maumivu, ukarudi zamu, na daktari hakuandika chochote. Mwaka 2011 jeshi lilifafanua masharti ya mtikisiko wa ubongo, na yakarudishwa nyuma hadi Septemba 11, 2001, kwa hiyo ombi lililokataliwa kabla ya hapo linaweza kuletwa tena. Omba rekodi za matibabu peke yake; za waliotoka miaka ya 2000 kwa kawaida ziko Wizara ya Maveterani, si St. Louis. Nishani hii si pambo: humweka mwenye nayo angalau kundi la 3 la kipaumbele cha matibabu, na kwa aliyeipata kwa matukio ya baada ya Septemba 11, 2001 na kuachiliwa kwa heshima, hufungua asilimia 100 ya msaada wa masomo wa GI Bill.

Fungu la tatu ni nishani ya ushujaa au ya kazi nzuri ambayo hakuna aliyekupendekeza, au walisema watakupendekeza wakahamishwa. Huwezi kujipendekeza mwenyewe. Anatakiwa mtu aliyeona kwa macho, bora kamanda wako wa wakati ule, ajaze fomu ya mapendekezo, ambayo kwa jeshi la nchi kavu ni DA 638, pamoja na maelezo ya tukio na taarifa za mashahidi zilizosainiwa. Muda wa kawaida wa kupendekeza ukishapita, kifungu cha 1130 cha sheria namba 10 ya Marekani kinaruhusu faili hilo lipite kwa mbunge au seneta wako. Ofisi ya seneta haitoi nishani, inalifikisha ombi mezani.

Kwa mafungu mawili ya kwanza, andika kwa ofisi ya kumbukumbu ya tawi lako la jeshi. Kwa jeshi la nchi kavu ni Kamandi ya Rasilimali Watu, Fort Knox, Kentucky. Barua iwe fupi. Itakuwa kwa Kiingereza, lakini umbo lake liwe hivi: «Naomba kisanduku cha 13 cha DD 214 yangu kiongezwe nyota mbili kwenye Nishani ya Kampeni ya Iraq. Ushahidi: kiambatisho A, amri ya kupelekwa, kiambatisho B, hati ya mshahara.» Historia ya uchungu wako isiingie humo, kwa sababu karani hana kisanduku cha kuiweka. Tuma nakala, karatasi halisi zibaki kwako.

Nawaomba watu wetu hasa waangalie majina. Mtu aliingia jeshini na majina matatu, amri moja ikaandika la babu kama la ukoo, kisha akapata uraia na jina likabadilika tena. Karani akilinganisha amri na faili anaona watu wawili. Ambatisha cheti cha uraia au hati ya kubadili jina, na useme kwa sentensi moja kwamba ni mtu yule yule.

Wakikukataa kwa maandishi, hapo sasa Bodi ina kazi, na barua ya kukataliwa ni kiambatisho chako cha kwanza. Fomu ni DD 149, haina malipo. DD 293 usiiguse, hiyo ni ya kubadili aina ya kuachiliwa. Sheria inatoa miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, lakini Bodi inaweza kuusamehe muda kwa ajili ya haki, kwa hiyo kwenye sehemu ya tarehe eleza ulijua lini na kwa nini ulichelewa. Usiiache wazi. Bodi huanza kwa kuamini kwamba jeshi liliandika sawa. Mzigo wa kuonyesha vinginevyo ni wako. Ikikutumia maoni ya ofisi nyingine yanayopinga ombi lako, jibu ndani ya muda uliotajwa, hata kwa ukurasa mmoja. Sheria inataka kesi nyingi ziamuliwe ndani ya miezi 10, na inaweka kikomo cha 18.

Msaada upo bure. Vyama vya maveterani kama American Legion, VFW na DAV vina wawakilishi walioidhinishwa. Anayekudai pesa ili akujazie DD 149 mwache apite.

DD 215 ikija, ibane pamoja na DD 214 na upeleke nakala Wizara ya Maveterani, hasa kama kuna Purple Heart. Nishani zenyewe unaziomba baadaye kwa SF 180, na mwenye kuzistahili hapewi bili. Kabla ya kusajili hati hizo kwenye ofisi ya kaunti, uliza kama zitakuwa wazi kwa umma, maana zina namba yako ya hifadhi ya jamii.

Nitumie kwanza nakala ya kisanduku cha 13 na cha 18, namba ya hifadhi ya jamii ukiwa umeifunika, tuanze kupanga mafungu.

Mpwa wako.