Barua ya Wazi kwa Waziri: Tuandikieni Ruhusa Tuwaonyeshe Matundu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Habari, Mawasiliano na Uchumi wa Kidijitali,
Nairobi.

KUH: RUHUSA YA KURIPOTI UDHAIFU KATIKA MIFUMO YA SERIKALI

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu za heshima kutoka kwetu, wapimaji wa usalama wa mifumo. Barua hii tusingeiandika hadharani lau si lililotokea juzi. Taasisi moja ya umma, ambayo jina lake tunalisitiri, iliarifiwa kwa adabu kwamba mfumo wake unavujisha hati za wananchi. Jibu likatoka kwa wakili. Hadi tunapoandika, tundu bado halijazibwa, ila wakili bila shaka ameshalipwa.

Na si tundu la ajabu. Mwananchi anaingia kwa nenosiri lake, anafungua risiti yake, na kwenye anwani ya ukurasa anaona nambari inayoishia na 41. Akiandika 42, inamfungukia risiti ya mtu mwingine: jina, nambari ya kitambulisho, simu. Seva, yaani kompyuta inayohifadhi hati hizo, imemuuliza kama ameingia. Haikumuuliza kama hati ni yake. Ni kama jengo ambalo askari wa getini anakagua kitambulisho, kisha huko ndani kila kabati liko wazi. Kubadili nambari fupi ziwe tarakimu ndefu zisizokisika hakutoshi, kwa sababu anwani hizo husambaa kwenye barua pepe na historia ya kivinjari. Dawa ni kila ombi la hati lilinganishwe na mwenye akaunti, na ulinganishaji ufanyike kwenye seva, si kwenye simu ya mtumiaji. Mara nyingi hiyo ni mistari michache tu ya msimbo. Kwa nini haikuandikwa? Tunashuku kwamba anayepokea kazi kutoka kwa mkandarasi hujaribu kwa akaunti moja. Kwa akaunti moja kosa hili halionekani kamwe.

Mpimaji mwaminifu hutumia mbili, zote zake au za mtu aliyeridhia. Anaingia kwa ya kwanza, anaomba hati ya akaunti ya pili. Ikifunguka, anakoma hapo hapo. Anaandika saa, anwani, ombi alilotuma na jibu lililorudi, anatuma ripoti, kisha anakaa kimya hadi tundu lizibwe au muda waliokubaliana uishe. Wengi huzoea siku 90. Yule anayeandika programu ya kuhesabu kuanzia 1 hadi 100,000 akapakua vitambulisho vya watu "ili kuthibitisha" amevuka mpaka, hata aapie nia njema, na hatumtetei. Anayetaka alipwe kwanza ndipo aseme tundu liko wapi ni mnyang'anyi. Na walioizamisha eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, Julai 2023 hawakuwa na tundu lolote la kuripoti: waliimiminia seva maombi bandia hadi ya kweli yakakosa nafasi. Tuliambiwa wakati huo kwamba data haikupotea. Sawa, tulifurahi. Ila data inayochukuliwa hati moja moja kupitia 42 na 43 haizimi mfumo, na kwa hiyo hakuna mkutano wa wanahabari unaoitishwa.

Sasa tazama sheria, Mheshimiwa. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mitandaoni ya 2018 kinampa anayeingia bila idhini faini ya hadi shilingi milioni 5, au kifungo cha hadi miaka 3, au vyote viwili. Kifungu cha 15 kinamzidishia aliyeingia kwa kusudi la kutenda kosa jingine, na hilo ni haki. Lakini asiye na kusudi hilo bado anabaki na cha 14 shingoni. Mwenye mfumo naye, kwa kifungu cha 40, anatakiwa kuarifu kamati husika ndani ya saa 24 akishambuliwa. Akikaidi, faini yake haizidi shilingi 200,000, ingawa naye anaweza kufungwa hadi miaka 2. Milioni 5 kwa aliyesema, laki 2 kwa aliyeficha. Hesabu hiyo tunakuachia.

Wapo watakaosema KE-CIRT, kituo cha taifa cha kushughulikia matukio ya usalama wa mitandao, inapokea taarifa. Ni kweli. Lakini kupokea si kuruhusu, na anayempeleka mtu polisi ni mwenye mfumo. Uholanzi ilitoa mwongozo wa jambo hili mwaka 2013, na wanaoripoti matundu ya serikali huko wamewahi kuzawadiwa fulana. Fulana, Mheshimiwa! Marekani, Mei 2022, wizara ya sheria iliwaelekeza waendesha mashtaka wasimshtaki anayefanya utafiti wa usalama kwa nia njema.

Wala hatukupeleki Bungeni. Kifungu hicho hicho cha 14 kinahesabu kuingia kuwa hakuna idhini pale ambapo mwenye mamlaka hajakubali. Basi akubali, kwa maandishi. Agiza kila taasisi ichapishe ukurasa mmoja: mifumo ipi inaruhusiwa kupimwa, kwamba mtu atumie akaunti zake tu, kwamba kuzidisha maombi, kulaghai wafanyakazi na kupakua data za watu ni marufuku, ripoti itajibiwa ndani ya siku ngapi, na kwamba anayefuata masharti hayo hatashtakiwa. Pamoja na ukurasa huo liwekwe kwenye tovuti faili la security.txt, linalosema ripoti za matundu zitumwe wapi, ndani ya saraka ya .well-known, kwa utaratibu wa RFC 9116, waraka wa viwango vya intaneti wa Aprili 2022. Mistari ya lazima ni miwili tu: Contact (anwani ya kupokea ripoti) na Expires (tarehe ya kwisha). Tafadhali anwani hiyo isiwe ya afisa mmoja, maana akihamishwa ripoti zinaoza kwenye kisanduku kisichofunguliwa. Iwe ya ofisi, isomwe na watu wawili, na tarehe ya kwisha isizidi mwaka mmoja.

Kama ukurasa kwa kila taasisi ni mzigo, anza na eCitizen peke yake. Kama nayo ni nzito, anza na wizara yako. Ukurasa mmoja, Mheshimiwa, wenye sentensi moja inayosema hatashtakiwa. Walioona matundu mengine wanaingoja sentensi hiyo, na kwa sasa hawasemi.

Wako kwa heshima,
Wapimaji wa usalama wa mifumo,
Nairobi