Barua kwa wazazi: mwisho wa mwaka wa masomo, na ile theluji tuliyoingojea

Lubumbashi, tarehe 2 Julai

Baba na mama, wazazi wetu wapendwa,

Buletini mtapewa leo na walimu, darasa kwa darasa, baada ya proklamasio, yaani kutangazwa kwa matokeo. Juu ya pointi sisemi mengi. Ambaye haelewi alama za mtoto wake aje ofisini wiki hii, asingoje Septemba. Ukurasa huu nautumia kwa jambo lililoniletea wageni wengi ofisini kuliko minervali, yaani karo ya shule, nalo ni theluji.

Kwa wale ambao habari haikuwafikia: katikati ya Juni watoto wa darasa la tano walianza kulala na kijiko chini ya mto, pijama zimegeuzwa nje ndani. Mama mmoja alikuja kuniuliza kama siku hizi shuleni tunafundisha uchawi. Nilimwita mwalimu, ndipo nikaelewa. Mwenzetu aliyewahi kufundisha hapa, ambaye sasa anaishi Seattle kule Marekani, aliwatumia sauti kwa WhatsApp akiwasimulia jinsi watoto wa huko wanavyoingojea theluji. Wanageuza nguo za kulala, wanaficha kijiko chini ya mto, na kukipambazuka wanakimbilia dirishani. Ikiwa imeanguka, shule inafungwa. Katika simulizi lote hilo, watoto wetu walishika neno hilo la mwisho tu.

Kisha baridi ikaingia, ile yetu ya kukatakata midomo. Simu zikaanza kupitisha video ya theluji ya Johannesburg. Video ni ya kweli, lakini ni ya tarehe 10 Julai 2023, na hata huko watu walikuwa hawajaiona mjini tangu Agosti 2012. Ikafuata sauti ya mtu asiyejitaja, kwamba Alhamisi theluji itafika Lubumbashi. Alhamisi hiyo darasa la tano lilikuwa na watoto kumi na mmoja. Wazazi, mtoto wa miaka kumi hajifungii nyumbani mwenyewe.

Sikutaka kuwagombeza watoto, kwa sababu swali lao lilikuwa zuri: huku tunatetemeka hivi, kwa nini haianguki? Ijumaa tuliacha ratiba tukalishughulikia. Theluji inataka vitu viwili vikutane siku moja, baridi kali na mawingu yenye maji. Ni kama bukari, ugali wetu: siku unga upo maji yamekatika, siku maji yapo unga umekwisha. Hapa kwetu Juni na Julai usiku hushuka chini ya nyuzi 10, lakini mbingu ni kavu, hata tone la mvua hatupati. Mawingu yanaporudi, joto nalo limekwisha kurudi. Tunachopata wakati huo ni mvua ya mawe, na hiyo ni kitu kingine, mabati yenu yanaijua.

Seattle ni kinyume chetu. Mji uko karibu na bahari ya Pasifiki, na upepo wa bahari hiyo hauruhusu baridi ishuke sana. Mvua wanayo karibu majira yote ya baridi. Kinachokosekana ni baridi yenyewe. Theluji hupatikana pale hewa baridi ya Kanada inapoteremka na kukutana na unyevu wa bahari. Kwa kuwa haiji mara nyingi, mji hauna magari mengi ya kusafisha njia, na njia zenyewe ni za kupanda na kushuka vilima. Inapotangazwa, watu wanamaliza mkate madukani kabla hata haijaanguka. Februari 2019 uwanja wao wa ndege ulipata karibu sentimita 50 kwa mwezi huo mmoja, shule zikafungwa siku kadhaa. Halafu, na hapa niliwaomba watoto wasikilize vizuri, siku hizo zililipwa mwezi wa Juni, wakati wengine wamekwisha kuanza likizo. Darasa lilinyamaza. Mmoja akauliza kama kijiko kinaweza kutolewa chini ya mto bila madhara.

Niliwaambia pia kwamba nchi yetu ya Kongo inayo theluji yake, huko kwenye milima ya Ruwenzori, karibu kabisa na ikweta, kwa sababu kilele cha Margherita kimefika mita 5,109. Lubumbashi tuko kwenye mita 1,200 hivi. Wengi hawakuwa wanajua. Nadhani na baadhi yetu wakubwa.

Niseme na langu. Alhamisi ile niliamka saa kumi na moja, nikafungua mlango wa nyuma, nikatazama uani. Nilijua vizuri kwamba hakutakuwa na kitu. Kulikuwa na beseni la maji ambalo mjukuu wangu alikuwa ameliacha nje kusudi lipokee theluji, na ndani yake majani mawili ya mwembe. Nilisimama hapo muda mrefu kuliko nilivyopaswa.

Sasa jambo ambalo si la kucheka. Juni hii watoto wanne walifika asubuhi na kichwa kinauma, macho mazito, mmoja akatapika mlangoni. Tulipouliza, wote walikuwa wamelala na mbabula, jiko la makaa, ndani ya chumba, mlango na dirisha vimefungwa. Makaa yanapowaka hivyo hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na hata moshi ukiwa umekwisha, sumu inaendelea kutoka. Aliyelala haamki kujiokoa. Pasheni chumba moto jioni mlango ukiwa wazi, kisha mbabula itoke nje kabla mtu yeyote hajalala, hata kama makaa yanaonekana kuzimika. Mtoto avae sweta mbili, alale na ndugu zake blanketi moja. Julai yote bado iko mbele yetu.

Maandikisho ya mwaka ujao yanaanza katikati ya Agosti, ofisi itafunguliwa asubuhi tu. Watoto ambao hawakufanya jaribio la hesabu la Alhamisi ile wamepewa pointi za Jumamosi waliyolirudia. Msije kulalamika kwamba ilikuwa siku ya mapumziko.

Na termometa ya shule, ile iliyofungwa kamba nyekundu, iliondoka na mtoto wa darasa la tano kwenda kupima baridi ya kwao. Tafadhali tazameni ndani ya mabegi. Tunayo hiyo moja.

Direkta wa shule