Saa za usiku na masahihisho ya asubuhi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu mazoea ya kumsifu mfanyakazi kwa sababu tu huwa wa mwisho kuondoka kazini. Mimi ni mhasibu, na kwa miaka mingi nilikuwa miongoni mwa wanaosifiwa hivyo, hadi nilipoanza kuandika pembeni mwa daftari muda ninaoutumia kila asubuhi kusahihisha hesabu za usiku uliotangulia. Katika majuma ya kufunga hesabu za mwaka, kila saa tatu nilizoongeza usiku zilizaa karibu saa mbili za masahihisho, nazo hizo, kwa kejeli ya mambo, zilihesabiwa kuwa kazi.

Jambo hili si geni. Mwaka 1915, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, serikali ya Uingereza iliunda kamati ya kuchunguza afya ya wafanyakazi wa viwanda vya silaha, ambao wengi wao walikuwa wakifanya kazi hata siku za Jumapili, nayo ikabaini kwamba kupunguza saa na kurudisha siku ya mapumziko hakukuleta upungufu wa uzalishaji uliohofiwa. Wakati huo, naomba ikumbukwe, hakuna aliyekuwa na sababu ya kuwadekeza wafanyakazi.

Shirika la Afya Duniani nalo, katika orodha ya magonjwa iliyoanza kutumika mwaka 2022, linautaja uchovu uliokithiri wa kazini (kwa Kiingereza, burnout) si kama ugonjwa, bali kama hali itokanayo na msongo wa muda mrefu kazini ambao haukudhibitiwa. Dalili zake ni tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi kimawazo au kuidharau, na kupungua kwa ufanisi. Ya kwanza huonekana na kila mtu. Ninayoiogopa mimi ni ya pili, kwa sababu mhasibu aliyefika hapo huja kazini kwa wakati na kujaza kila safu kama kawaida, ila haulizi tena kwa nini ankara moja imelipwa mara mbili.

Siku hizi kazi inayohitaji umakini, kama kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki, naifanya asubuhi, na saa ya mwisho naiachia kupanga hati. Aidha, naacha kazi nikiwa bado najua hatua inayofuata, ninaiandika kwenye karatasi, na kesho yake sipotezi muda kutafuta nilipoishia.

Nakubali kwamba wengi hawajipangii saa zao, ndiyo maana waraka huu nauelekeza hasa kwa wasimamizi. Ratiba inayojaza kila saa ya juma hudhani kwamba hakuna atakayeugua, hakuna hati itakayochelewa na hakuna kosa litakalotokea. Likitokea lolote kati ya hayo, pengo huzibwa kwa usingizi wa mtu. Basi kabla ya kumpongeza aliyekesha, msimamizi na aombe kuonyeshwa pia masahihisho ya asubuhi yake, ayatoe katika saa zile, kisha aamue kama kilichobaki kinastahili pongezi au msaidizi wa pili.

Wako,
Mhasibu, msomaji wa gazeti lako