Mafuta ya kahawia si dawa ya kisukari

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe dai linalozidi kuenea, kwamba mgonjwa wa kisukari akioga maji ya barafu ataamsha mafuta ya kahawia mwilini, nayo yatamaliza sukari kwenye damu. Mafuta hayo yapo kweli. Dai ndilo limepitiliza, na linaweza kumdhuru mtu.

Mafuta meupe ni ghala. Ya kahawia ni tanuri. Rangi yake hutokana na wingi wa mitokondria, vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, zenye madini ya chuma. Kwa kawaida mitokondria husukuma protoni, chembe ndogo zenye chaji chanya, nje ya utando wake wa ndani, na protoni zinaporudi hutengenezwa ATP, nishati inayotumiwa na seli. Kwenye mafuta ya kahawia, protini iitwayo UCP1 hufungua mlango wa pembeni: protoni hurudi bila kutengeneza ATP, na nishati hutoka kama joto. Baridi ndiyo huanzisha kazi. Ngozi ikipoa, neva humwaga noradrenalini, kemikali ya kupeleka ujumbe, matone ya mafuta ndani ya seli huvunjwa, na asidi za mafuta zinazopatikana huiamsha UCP1, kisha zenyewe huwa kuni.

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Mwaka 2009 tafiti zilithibitisha kwamba hata watu wazima wanayo, hasa shingoni na juu ya mitulinga, mifupa ya mbele ya mabega. Yalionekana kwa skani ya PET, picha ya ndani ya mwili inayofuatilia sukari iliyotiwa alama ya mnururisho. Sehemu hizo ziling'aa, ikadhaniwa kuwa sukari ndiyo chakula chake kikuu. Sivyo. Sukari ilionekana kwa kuwa ndiyo iliyotiwa alama; kuni kuu ni mafuta.

Tena kiasi chake ni kidogo, mara nyingi makumi ya gramu tu, ilhali misuli ni kilo nyingi. Mwaka 2015 wagonjwa 8 wa kisukari aina ya pili walizoeshwa baridi ya nyuzi 14 hadi 15 kwa siku 10, na mwili wao ukaitikia insulini, homoni inayoondoa sukari kwenye damu, vizuri zaidi kwa takriban asilimia 43. Matokeo mazuri mno! Lakini sehemu kubwa ya sukari iliyoondolewa kwenye damu ilichukuliwa na misuli.

Tofautisheni pia ubaridi wa hewa na maji ya barafu. Barafu hutetemesha misuli, na hupandisha shinikizo la damu ghafla. Anayetumia insulini au glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, ana hatari nyingine: kutetemeka kwa baridi hufanana na kutetemeka kwa sukari iliyoshuka, hivyo dalili hupita bila kutambuliwa. Apime sukari ya damu kabla na baada. Ikiwa chini ya 4 mmol/L, ale gramu 15 za sukari na kupima tena baada ya dakika 15. Na mwenye ganzi miguuni asiitie kwenye barafu kabisa, kwani ngozi inaweza kuungua kwa baridi bila yeye kuhisi.

Msomaji wako