Swali la bunduki linatuhusu na sisi

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji wako aliyeandika kwamba sisi Waafrika tulioko Marekani tuwaachie wenyeji ugomvi wao wa bunduki, tulee watoto wetu. Kaka yangu, watoto hao unafikiri wanasoma wapi?

Naishi Lansing, Michigan. Mwezi uliopita nilimkuta binti yangu wa darasa la pili amejikunyata chini ya meza ya jikoni, taa kazima, kidole mdomoni ananinyamazisha. Nikadhani ni kombolela. Kumbe anarudia zoezi la shuleni: mtu mwenye bunduki akiingia, mnajificha hivi, kimya. Alipotoka akaniomba viatu vingine, maana vyake vinawaka taa kila akisogeza mguu. Nilivinunua jioni ile ile, na sikumuuliza zaidi.

Mwendo wa saa moja na ushei kwa gari kutoka hapa ndiko mji wa Oxford, humu humu Michigan. Tarehe 30 Novemba 2021 kijana wa miaka 15 aliwaua wanafunzi wenzake wanne katika sekondari ya huko, kwa bastola ambayo baba yake aliinunua siku nne tu kabla. Asubuhi hiyo wazazi waliitwa shuleni, wakaonyeshwa michoro ya bunduki na maneno ya kutisha aliyoandika. Wakaondoka bila mtoto, naye akarudishwa darasani na begi lake halijafunguliwa. Mwaka 2024 baba na mama walihukumiwa kifungo cha miaka 10 hadi 15 kila mmoja.

Miswada ya kudhibiti bunduki ilikuwa imekwama kwa miaka katika bunge la jimbo letu. Wazazi waliofiwa waliendelea kwenda pale kusimulia yaliyowapata, pamoja na akina mama wa fulana nyekundu wa Moms Demand Action, kikundi kinachodai sheria za kudhibiti bunduki. Februari 2023 wanafunzi watatu wakauawa chuo kikuu cha Michigan State, hapa jirani. Aprili Gavana Gretchen Whitmer akatia saini sheria ya kufungia bunduki majumbani, nayo ikaanza kazi tarehe 13 Februari 2024. Ukiwa na bunduki mahali ambapo mtoto yupo au anaweza kufika, uitie kufuli au uifungie kwenye kasha. Mtoto akiichukua akaua, unaweza kufungwa hadi miaka 15.

Sheria hiyo haimuulizi mtu alizaliwa wapi. Na tusidanganyane, bastola zimo majumbani mwetu. Anayeendesha teksi usiku anayo, anayefunga duka saa saba usiku anayo. Inakaa chini ya godoro au juu ya kabati, katikati ya vitenge. "Mtoto hajui ilipo." Mtoto huyo huyo aliyegundua nilikoficha biskuti za Idi kabla sijamaliza kushuka kwenye stuli!

Siku hizi, kabla binti yangu hajaenda kucheza kwa mtu, nauliza: mna bunduki? Imefungiwa? Najua kwetu mgeni hakagui nyumba ya mwenyeji, na mara ya kwanza ulimi ulikuwa mzito. Nilimpigia jirani kutoka Bukavu. Alicheka, kisha akanyamaza, akasema atamuuliza mume wake. Kesho yake akanipigia: "Dada, ilikuwa kwenye droo ya soksi, na risasi ndani." Mume wake alikwenda polisi akapewa kufuli bure. Watoto walicheza Jumamosi iliyofuata.

Ombi langu, Mhariri: chapisha masharti ya sheria hiyo kwa Kiswahili chepesi, ukurasa mmoja tu, tuubandike msikitini na kanisani. Na huyo kaka yangu, kikao kingine cha bunge kikifika, gari langu lina nafasi.

Mama wa watoto wawili,
Lansing, Michigan