Kikapu si soka: kutolewa uwanjani si adhabu

Ndugu Mhariri,

Safu yenu ya michezo ya wiki iliyopita imemlaumu Dawn Staley, kocha wa wanawake wa Chuo Kikuu cha South Carolina, kwamba anakalisha nyota benchi na kugawa dakika kama mtu asiyejua mchezaji wake bora ni nani. Naishi Columbia, mji wa chuo hicho. Nahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na zamu ikiniruhusu hupanda viti vya juu kabisa vya Colonial Life Arena, uwanja wao wa nyumbani, vile vya bei nafuu. Nyumbani Morogoro niliwahi kuchezea timu ya chuo cha ualimu, na mara nyingi nilianzia benchi. Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu.

Tatizo lake ni kwamba anatazama kikapu kwa macho ya soka. Kwenye soka, ubao ukinyanyuliwa na namba yako ikawaka, umekwisha, hurudi tena. Shabiki yeyote wa Simba au Yanga anaujua uso wa mchezaji anayetolewa dakika ya 55: anapita mbele ya kocha bila kumpa mkono, anarusha vilinda ugoko chini. Kikapu hakina msiba huo. Mchezaji anatoka, anakunywa maji, anaambiwa jambo moja sikioni, anarudi. Atatoka na kurudi mara nyingi apendavyo kocha, ili mradi hajafikisha faulo tano. Kwa hiyo kuhesabu nani ameanza mechi hakumwambii mtu mengi. Mimi huangalia nani yuko uwanjani zikibaki dakika nne na tofauti ni pointi mbili. Hapo ndipo kocha anasema kweli yake.

Tupige hesabu kidogo. Mechi ya wanawake wa vyuo Marekani ina robo nne, kila moja dakika kumi. Watano uwanjani kwa dakika 40 ni dakika 200 za kugawa, na haziongezeki mpaka mechi iingie muda wa nyongeza. Ukiwa na wasichana kumi wanaoweza kucheza, kila dakika unayompa huyu umeitoa kwa yule, na mama wa yule yupo jukwaani anakutazama. Ukiwagawia sawasawa, kila mmoja anapata 20. Hakuna kocha mwenye akili anayefanya hivyo, hata Staley hafanyi.

Sasa nimkumbushe ndugu yangu fainali ya ubingwa wa wanawake wa vyuo ya Aprili 7, 2024, pale Cleveland, South Carolina dhidi ya Chuo Kikuu cha Iowa. Caitlin Clark, nyota wa Iowa, alianza kama moto. Robo ya kwanza peke yake alifunga pointi 18, na Iowa wakaondoka nayo wakiongoza 27 kwa 20. Kazini tulikuwa tumefungua televisheni ya ukumbini, na bibi mmoja ninayemhudumia, shabiki wa kufa, alikwisha kuniambia nizime. Kilichofuata kinajulikana. Staley alizidi kuingiza miguu mipya, mmoja akichoka kumkimbiza Clark mwingine anapokea, na kwenye robo tatu zilizobaki Clark alipata pointi 12 tu. South Carolina wakashinda 87 kwa 75 na kumaliza msimu na ushindi 38 bila kufungwa hata mara moja. Lakini namba ninayotaka mwandishi wenu aitazame ni hii: benchi la South Carolina lilifunga pointi 37. Benchi la Iowa lilifunga sifuri. Tessa Johnson, mtoto wa mwaka wa kwanza aliyetokea benchi, alifunga 19, na hakuna mwenzake usiku ule aliyefunga zaidi yake. Katika safu yenu hakutajwa hata kwa jina.

Mchezaji bora wa hatua ile ya mwisho alikuwa Kamilla Cardoso, Mbrazili, senta wao mrefu. Kwenye fainali alifunga 15 na kudaka ribaundi 17, yaani mipira inayorudi mtupo ukikosa. Mwaka mmoja kabla ya hapo dada huyu alikuwa mtu wa benchi! Nafasi yake ilikaliwa na Aliyah Boston, na mwaka 2023 Cardoso alipewa tuzo ya mchezaji bora wa akiba wa ligi yao ya SEC. Angeweza kuhama. Alikuwa amekwisha kuhama mara moja, kutoka Syracuse mwaka 2021, na vyuo vingi vingempokea tena kwa vigelegele. Alibaki. Boston akaenda Indiana kama chaguo la kwanza la WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake Marekani, na mwaka uliofuata Cardoso akachaguliwa wa tatu, na Chicago. Miaka miwili ya kugongana na Boston mazoezini kila siku ni darasa ambalo dakika 35 dhidi ya timu dhaifu hazikupi.

Mwandishi wenu ameegemea kwa MiLaysia Fulwiley, na hapo ana hoja, siwezi kumnyima. Fulwiley ni mtoto wa hapa hapa Columbia, watu walimjua toka sekondari, na akishika mpira uwanja mzima unasimama. Misimu miwili alitokea benchi. Mwaka 2025 na yeye akachukua tuzo ileile ya mchezaji bora wa akiba, kisha akahamia LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, wapinzani wakubwa wa ligi hiyohiyo. Hapa mjini iliuma. Bibi yule hakutaka kuzungumza kikapu siku nzima, na kwake hilo ni ugonjwa. Ila sisemi kocha alikosea, wala simlaumu binti. Tangu Julai 2021 wachezaji hawa wanaruhusiwa kulipwa kwa majina na picha zao, miaka ya chuo ni minne tu, na kila mtu anajua thamani ya kuonekana. Anayejenga timu ya watu kumi ajue kwamba mmoja wao ataondoka akiwa bado anapendwa. Hiyo ni bei, na Staley ameilipa.

Wala timu pana haishindi kila mara. Aprili 2025 pale Tampa, UConn, yaani Chuo Kikuu cha Connecticut, waliwapiga South Carolina 82 kwa 59 kwenye fainali, na wachezaji watatu tu, Azzi Fudd, Sarah Strong na Paige Bueckers, walitosha kuwamaliza. Nilizima televisheni kabla haijaisha. Lakini msimu huohuo Ashlyn Watkins wa South Carolina alikuwa ameumia goti mwezi Januari, asirudi tena, na bado walifika fainali. Timu ya watu sita ikimpoteza mmoja Januari, Machi inatazama mashindano kwenye televisheni kama sisi.

Jambo ambalo mwandishi wenu hakuligusa kabisa, nami ndilo lililonikalisha niandike, ni kwamba uchache wa dakika sio unaomvunja msichana. Binti wa dada yangu yuko chuo kidogo jimbo la jirani kwa ufadhili wa kikapu. Mwaka wake wa kwanza alikuwa akicheza dakika tatu leo, mechi inayofuata hachezi kabisa, halafu ghafla dakika 12, na hakuna aliyemweleza sababu. Dada alikuwa akinipigia kutoka Morogoro usiku: "Mdogo wangu, huyu mtoto amewakosea nini hao watu?" Mimi sikuwa na jibu, na binti mwenyewe hakuwa nalo. Alianza kucheza kwa woga, akikosa mtupo mmoja anageuka kutazama benchi kama anaitwa. Mtu wa namna hiyo hata umpe dakika 30 hazimsaidii.

Mwaka wa pili akaja kocha msaidizi mpya, mwanamke. Huyo alimweka chini akamwambia: kazi yako ni kumkaba mgawaji mipira wa wapinzani, mwenzako anapopumzika mwishoni mwa robo ya kwanza na katikati ya robo ya tatu, usifikirie kufunga, ukifanya hivi mwezi mzima tutazungumza upya. Basi. Dakika zake ziliongezeka kidogo tu. Lakini safari hii alinipigia mwenyewe: "Mama mdogo, leo nimemkaba yule namba tatu mpaka akalalamika kwa refa." Alikuwa anacheka. Dada yangu bado anataka mwanawe aanze, na hilo ni la mama, halina dawa.

Mgawo wa dakika nitauita wa haki pale msichana anapojua kabla ya mechi ataitwa wakati gani na kwa kazi gani, na pale anayefanya vizuri mazoezini anapoona kitu kimebadilika. Usawa wa saa hauna maana kubwa. Makocha wengi wa timu pana wanaogopa mazungumzo haya kwa sababu yanalazimisha kumwambia mtoto mzuri kwamba kuna mzuri zaidi yake, uso kwa uso. Wanaona afadhali wanyamaze, mtoto ajisomee mwenyewe kwenye dakika anazopewa. Kwetu nyumbani ndivyo nilivyolelewa kimichezo mimi pia. Kocha hakuulizwa, na anayeuliza alionekana ana kiburi.

Ombi langu kwenu ni dogo. Mnapoandika habari za kikapu cha wanawake, iwe cha huku au cha ligi zetu za mikoa, mnachapisha pointi peke yake. Chapisheni na dakika. Karatasi ya takwimu ya mechi za vyuo vya huku ina safu hiyo, na makarani wa meza kwetu wanaweza kuiandika wakiombwa. Pointi nane kwa dakika 11 na pointi nane kwa dakika 36 ni habari mbili tofauti, na wazazi kama dada yangu hawajawahi kuonyeshwa ya kwanza.

Mama Zuhura,
Columbia, South Carolina